Jowett ya Bradford na giaboksi iliyoizika

Muulize shabiki wa magari ya kale ya Uingereza ni nini kilichoiua kampuni ya Jowett, atakujibu haraka: Ford. Maelezo yake huwa mafupi. Jowett ilikuwa ikinunua bodi za magari yake kutoka Briggs Motor Bodies, Ford ikainunua Briggs mwaka 1953, bodi zikakatika, kiwanda kikafungwa. Mkubwa kammeza mdogo, na hadithi ya namna hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili.

Kalenda ndiyo inayokataa. Briggs ilisimamisha kuleta bodi mwishoni mwa 1952, Ford ikiwa bado haijaingia. Ilisimamisha kwa sababu bodi zilizokwisha kuletwa zilikuwa zimerundikana, na zilirundikana kwa sababu Jowett haikuwa na giaboksi nzima za kutosha kuyakamilisha magari. Anayetaka kuielewa Jowett aanzie kwenye giaboksi, kisha arudi nyuma.

Na arudi mbali kidogo. Bradford ni mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, na ni mji wa vilima. Barabara zake za zamani zilitandikwa mawe, unapanda mlima ukimaliza unakuta mwingine. Hapo ndugu wawili, Benjamin na William Jowett, walianza na baiskeli, na kufikia 1901 walikuwa wameingia kwenye injini ndogo za kuendeshea mashine za karakana. Gari lao la kwanza lilitembea Februari 1906. Hawakuliuza. Waliliendesha huku wakilifungua na kulifunga kwa zaidi ya maili 25,000, yaani kilomita 40,000 hivi, na ilipofika 1910 ndipo wakakubali kumtengenezea mteja. Hata hapo hawakuwa na pupa: Vita vya Kwanza vilipoanza walikuwa wameuza dazeni chache tu za magari. Miaka minne ya kulijaribu gari moja. Tuiweke pembeni, tutaihitaji mbele.

Injini waliyoichagua ilikuwa na silinda mbili zilizolazwa, moja kushoto na moja kulia, zikipeana migongo, krenki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, ikiwa katikati. Fundi wa leo ataiita boksa. Pistoni zote mbili zinakwenda nje kwa pamoja na kurudi ndani kwa pamoja, hivyo msukumo wa hii unafutwa na msukumo wa mwenzake. Kinachobaki ni kuyumba kidogo, kwa kuwa silinda hazikai kwenye mstari mmoja kamili. Mlipuko unatokea mara moja kwa kila mzunguko wa krenki, kwa vipindi vilivyo sawa. Ukiongeza flaiwili nzito na mwendo mrefu wa pistoni unapata injini isiyojua mbio lakini isiyokata tamaa mlimani. Tangazo la kampuni lilisema hivyo hivyo: injini ndogo yenye mvuto mkubwa, na kwa mara moja tangazo lilisema kweli.

Ujazo wa injini ulianzia sentimita za ujazo 816, ukafika 907 katika miaka ya 1920, 946 mwaka 1937, na ukaishia 1,005 kwenye kigari cha mizigo cha baada ya vita kilichopewa jina la mji, Bradford. Karibu nusu karne, na mpango wa injini ni ule ule. Wapo wanaouita huo uvivu. Lakini mwaka 1926 Frank Gray, aliyewahi kuwa mbunge wa Oxford, na mwenzake Jack Sawyer walizichukua Jowett mbili za ujazo wa 907 wakavuka nazo Afrika, kutoka Lagos hadi Massawa kwenye Bahari ya Shamu. Magari waliyaita "Wait" na "See", yaani "Subiri" na "Utaona". Yalifika yote mawili. Wakati huo wengi waliamini bara hili halipitiki ila kwa lori au gari kubwa la bei mbaya, na vigari hivi kwenye daraja la kodi la Uingereza vilihesabiwa farasi saba tu. Siri yake haikuwa nguvu. Uzito ulikuwa mdogo na vipuri vya kuharibika vilikuwa vichache.

Miaka iliyofuata tuipite haraka. Kiwanda kilikuwa kimehamia Idle, pembeni mwa Bradford, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Moto uliunguza sehemu yake Septemba 1930 na kazi ikarudi. Mwaka 1935 kampuni iliuza hisa kwa umma. Mwaka 1936 ikatoka injini ya kwanza ya silinda nne zilizolala, bila kishindo. Wakati wa vita kiwanda kilitengeneza zana za kivita, na mara baada yake wenyewe wakabadilika: hisa zikaenda kwa Charles Clore, mnunuzi wa majengo na makampuni, mwaka 1945, na mwaka 1947 zikaenda kwa benki ya Lazard. Maamuzi ya kampuni iliyojengwa na mafundi wawili yakawa sasa yanafanywa na watu wa hesabu za benki. Halikuwa kosa lenyewe, ila tutalikuta tena kwenye giaboksi.

Mwaka 1942, vita vikiendelea, Jowett ilimwajiri Gerald Palmer, mhandisi kijana aliyekulia Rhodesia ya Kusini na aliyekuwa akifanya kazi upande wa MG. Kazi yake ilikuwa kubuni gari la familia la kuuzwa dunia nzima vita vikiisha. Alichokitoa ni Javelin, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1947, na halikufanana na chochote kilichowahi kutoka Idle.

Injini ilikuwa boksa ya silinda nne, ujazo wa 1,486, tundu la milimita 72.5 na mwendo wa pistoni wa milimita 90, valvu juu ya silinda, kabureta mbili za Zenith, farasi 50. Kwa kuwa boksa ni fupi, Palmer aliweza kuisogeza mbele ya ekseli ya mbele, akaweka rejeta nyuma ya injini, na nafasi iliyookolewa akawapa abiria: waliokaa kiti cha nyuma walikaa mbele ya ekseli ya nyuma, si juu yake. Badala ya springi za kawaida aliweka fimbo za chuma zinazojinyonga gari likipanda na kushuka, mbele na nyuma. Mkono wa gia ulikuwa kwenye usukani. Bodi ilikuwa na mgongo wa kuteleza, fremu ikiwa imeunganishwa nayo moja kwa moja. Dereva wa Nairobi au Moshi aliyezoea Subaru angefungua boneti ya Javelin na kujua alipo: injini imelala chini, hedi moja kila ubavu, plagi zinafikiwa kwa kuinama pembeni.

Lilikwenda karibu kilomita 130 kwa saa, mwendo mkubwa kwa gari la lita moja na nusu la miaka ile. Januari 1949 lilishinda daraja lake kwenye Monte Carlo Rally. Mwaka huo huo Tom Wisdom na Anthony Hume walilishindia daraja la lita mbili kwenye saa 24 za Spa, Ubelgiji. Mwaka 1953 Javelin lilichukua ushindi wa jumla wa Tulip Rally ya Uholanzi. Si haki kusema gari hili lilikuwa baya. Lilikuwa gari zuri sana ambalo halikumaliziwa.

Hapa ndipo ile miaka minne inaporudi. Ndugu wa Jowett walipotengeneza injini ya silinda mbili yenye nguvu ya kitoto, waliijaribu tangu 1906 hadi 1910. Javelin lilikuwa na injini mpya, giaboksi mpya, bodi mpya na springi za aina mpya, hakuna hata kipuri kikubwa kilichorithiwa kutoka gari lililokwisha kuthibitishwa. Gari la kwanza la majaribio lilitembea 1944, katika nchi yenye mgao wa petroli na chuma. Serikali ya baada ya vita ilikuwa ikigawa chuma kwa viwanda vinavyouza nje, kwa hiyo kusubiri kulikuwa na gharama yake. Jowett haikusubiri. Mteja ndiye aliyemalizia majaribio, kwa pesa zake.

Tuangalie yaliyotokea mikononi mwake, moja baada ya jingine, maana si makosa ya uzito mmoja.

Dogo lilikuwa tapeti, vile vipande vinavyosukuma valvu zifunguke. Matoleo mawili ya kwanza, PA na PB, yalikuwa na tapeti zinazojirekebisha kwa presha ya oili, ili mwenye gari asihangaike kupima nafasi ya valvu. Wazo zuri. Lakini tapeti ya namna hiyo ni pistoni ndogo ndani ya kikombe kidogo, na kati yao hakuna nafasi ya kupita hata uchafu usioonekana kwa jicho. Oili za miaka ile hazikuwa na dawa ya kusafisha kama za leo, na masizi yakaingia. Tapeti ikikwama chini, injini inagonga. Ikikwama juu, valvu haifungi, silinda inapoteza mgandamizo na valvu inaungua. Kampuni ilirudi kwenye tapeti za kawaida za kupima kwa filageji. Kosa limeonekana, limerekebishwa, limekwisha.

La pili lilikuwa gasketi ya hedi, na hili fundi yeyote wa boksa atalielewa. Bloku ya Javelin ilikuwa ya alumini, imegawanyika katikati wima kama kitabu, na ndani yake zimepachikwa slivu za chuma, yaani mabomba ambamo pistoni zinakwenda na kurudi, ambazo maji ya rejeta yanazigusa moja kwa moja. Slivu inakaa juu ya pete ya kuziba iliyo chini yake, na kichwa chake lazima kichomoze kidogo sana juu ya uso wa bloku, sehemu za mia za milimita, ili hedi ikikazwa iibane gasketi kwenye slivu kwanza. Mambo mawili yanaharibu hesabu hiyo. Pete ya chini ikizeeka na kulala, slivu inashuka nayo. Na alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo injini ikiwa moto bloku inakua kuliko slivu na ule mchomozo unapungua zaidi. Gesi ya mlipuko inapata upenyo, inaingia kwenye maji, rejeta inatapika, gari linachemsha. Dereva anaongeza maji na kuendelea. Safari ya pili gasketi imeungua kabisa.

Dawa yake haijabadilika hadi leo kwa anayefufua Javelin: usifunge hedi kabla ya kupima mchomozo wa kila slivu kwa geji ya saa, slivu ikiwa imebanwa chini kwa nguvu. Slivu mbili za upande mmoja zisitofautiane, maana iliyo fupi haitabanwa na hedi. Pete za chini ziwe mpya kila mara, hata kama za zamani zinaonekana nzima. Hedi ikazwe kwa mzunguko kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, kisha ikaguliwe tena baada ya injini kupata moto na kupoa. Anayeruka hatua ya mwisho atafungua tena kabla ya mwezi kwisha.

La tatu lilikuwa zito: krenki. Ilikuwa inakatika. Krenki ya Javelin ilishikwa na beringi kubwa tatu tu, na kati ya kila mbili zilipita konrodi mbili, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenki. Boksa inatakiwa iwe fupi, kwa hiyo vile vipande bapa vinavyounganisha jonali (sehemu ya mviringo inayoshikwa na beringi au konrodi) moja na nyingine, mafundi wengine huviita mabega, vilifanywa vyembamba. Mwendo wa pistoni ni milimita 90, maana yake konrodi inashika milimita 45 kutoka katikati ya krenki, na kwa umbali huo jonali ya konrodi na jonali kubwa karibu hazipishani hata kidogo ukizitazama kutoka mbele. Mzigo wote unapita kwenye bega jembamba. Kila mlipuko unalikunja kidogo, kila mzunguko unalinyoosha. Chuma hakilalamiki, kinahesabu. Ufa unaanzia kwenye kona ambapo jonali inakutana na bega, mahali penye mviringo mdogo, unatambaa ndani kwa maelfu ya kilomita, na siku ukifika nusu ya unene krenki inakatika bila onyo, pengine gari likiwa kwenye mwendo wa starehe tu. Ukiitazama krenki iliyokatika utaona sehemu mbili: moja laini yenye mistari kama magamba ya chaza, pale ufa ulipokuwa ukitembea polepole, na nyingine ya chembechembe, pale ilipokatika kwa mara moja.

Kampuni ilibadilisha krenki zaidi ya mara moja. Jibu lililofaa lilikuwa kuyafanya mabega kuwa manene na ya umbo la duaradufu, ili chuma kiwe kingi pale mkunjo ulipo mkubwa.

Hadi hapa hakuna la kuizika kampuni. Magari mengi ya Uingereza ya baada ya vita yalitoka na kasoro, na wanunuzi wa miaka ile, waliongoja gari kwa miezi au miaka, walikuwa wavumilivu kuliko sisi. Injini ya Javelin ilikuwa ikipona toleo kwa toleo. Kilichoigharimu Jowett ni uamuzi uliofanywa wakati injini inapona.

Giaboksi za mwanzo za Javelin zilitoka kwa Henry Meadows wa Wolverhampton, kampuni iliyokuwa ikitengeneza injini na giaboksi kwa miaka mingi. Hazikuwa na maneno. Lakini zilinunuliwa, na kila kilichonunuliwa kina faida ya mtu mwingine ndani yake. Ukikaa mezani na karatasi ya gharama utaona haraka: tuitengeneze wenyewe, ile faida ibaki kwetu. Jowett ikahamisha kazi hiyo Idle. Sehemu kubwa ya vifaa vya Meadows ililetwa, na mafundi wa Meadows walikuja kusaidia. Haikusaidia. Giaboksi zilizotoka Idle zilikuwa mbovu kwa wingi uliotisha.

Kwa nini vifaa vile vile na watu wale wale walete matokeo tofauti? Kwa sababu giaboksi haiko kwenye vifaa. Gia inachongwa chuma kikiwa laini, kisha inachomwa ili meno yawe magumu, na ikichomwa inajipinda. Inajipinda kiasi gani, upande gani, ndicho kitu ambacho karakana inajifunza kwa miaka: unachonga ukijua itakavyopinda. Kisha kuna kasha lenyewe. Matundu ya beringi ya mbele na nyuma lazima yatazamane. Shafti ikikaa kwa pembe, hata ndogo isiyoonekana, meno yanagusana upande mmoja tu. Kisha kuna uma wa kusukuma gia, kijiti chake, kipira na springi inayokishika mahali pake. Kila kimoja kina nafasi yake inayoruhusiwa ya kukosea, na nafasi hizo zinajumlishwa. Ukiwa na bahati mbaya zote zinaelekea upande mmoja.

Dalili yake ilikuwa gia kuchomoka. Dereva anashuka mlima kwa gia ya tatu, anaachia mafuta ili injini imshikie gari. Alipokuwa akikanyaga, meno ya kufungia gia yalikuwa yamebanwa upande mmoja; alipoachia, mzigo unageuka upande wa pili. Kama meno yameingia nusu tu, au yamechongwa na mteremko kidogo, mgeuko huo unayasukuma nje. Mkono wa gia unarudi katikati wenyewe, injini inavuma peke yake, na gari linaongeza mwendo bila kushikwa na kitu ila breki. Mkono uliokuwa kwenye usukani uliongeza tatizo, kwa kuwa kati yake na giaboksi zilipita fimbo na viungo kadhaa, kila kiungo kina ulegevu wake. Dereva anadhani gia imeingia, kumbe imeingia nusu.

Giaboksi mbovu inakula pesa mara nyingi. Iliyoshindwa kiwandani ni chuma na saa za kazi zilizotupwa. Iliyotoka na kuharibikia kwa mteja inarudi kwa garantii: kuitoa, kuisafirisha, kuifungua, kuirudisha, na jina la kampuni kuchafuka kwenye kila gereji ilikopitia. Mbaya zaidi ni ile isiyokuwepo. Gari lisilo na giaboksi haliuziki, lakini bodi yake imekwisha fika, rangi imepakwa, bili ya Briggs iko mezani.

Na Briggs haikuwa kinyozi wa kumwambia rudi kesho. Kiwanda chake cha Doncaster kilikuwa na mashine kubwa za kukandamiza mabati, na kalibu za mashine hizo ni ghali kiasi kwamba zinalipa tu zikifanya kazi kwa wingi na bila kukatika. Jowett ndogo ilikubali mpango wa wingi kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kupata bodi ya Javelin. Maana yake kampuni ilikuwa imejifunga kupokea bodi kwa kasi fulani, huku ikiamua kutengeneza yenyewe kile kipuri kigumu kuliko vyote kutengenezwa kwa kasi. Bodi zikajaa Idle. Mwishoni mwa 1952 Briggs ikafunga bomba.

Wapo wanaotetea kwamba soko lenyewe lilikuwa limepoa. Wana hoja. Mwaka 1952 magari hayakugombaniwa tena kama 1947, na mwezi Machi mwaka huo Australia, mnunuzi muhimu wa Jowett, ilibana vikali bidhaa kutoka nje. Pigo hilo liliangukia hasa kigari cha Bradford, na hapa inafaa kusema ukweli ambao wapenzi wa Javelin hawaupendi: kampuni ililishwa na Bradford. Kilikuwa kigari cha mizigo chenye injini ya silinda mbili, farasi 19 na baadaye 25, gia tatu zisizojua adabu, mwendo wa kukasirisha. Viliuzwa takriban 38,000. Javelin, pamoja na nishani zake zote, liliuzwa takriban 23,000. Mrithi wa Bradford alikwisha buniwa na magari ya majaribio yakatengenezwa, lakini yeye pia alihitaji kalibu za bodi, na pesa ya kalibu ilikuwa imekaa uani Idle katika umbo la Javelin zisizokwenda popote.

Kwa hiyo soko lilipoa, ndiyo. Lakini kampuni yenye akiba inapita msimu wa baridi. Jowett iliingia kwenye msimu huo ikiwa imefunga pesa zake kwenye giaboksi za kutupa. Ford ilipoichukua Briggs mapema 1953, mlango ulikuwa umekwisha fungwa. Ford iliukuta hivyo.

Kati ya misukosuko yote hii Jowett ilitengeneza pia Jupiter, gari la michezo lililoanza 1950. Fremu yake ya mabomba ya chuma ilibuniwa na Eberan von Eberhorst, aliyewahi kuwa mhandisi wa magari ya mbio ya Auto Union, na injini ya Javelin ilipandishwa hadi farasi 60. Lilishinda daraja lake Le Mans mara tatu mfululizo: 1950, 1951 na 1952. Takriban 900 tu zilitengenezwa. Kibiashara halikuwa na uzito, ila lilikuwa na faida moja isiyotajwa sana: saa 24 za Le Mans zinaichosha krenki na gasketi kuliko miezi ya mwenye gari wa kawaida. Mengi ya marekebisho ya injini yalijifunzwa kwa Jupiter. Na kwa kuwa bodi yake ilitengenezwa Idle kwenyewe, bila Briggs, ndilo lililoendelea kutoka hadi 1954, Javelin na Bradford vikiwa vimekwisha simama.

Palmer hakuwepo kuyaona. Alirudi kwenye kundi la Morris mwaka 1949, akabuni MG Magnette. Aliyeshika kazi ya ubunifu, Roy Lunn, alihamia Ford na baadaye jina lake likaonekana kwenye Ford GT40 na Jeep Cherokee. Kiwanda kiliuzwa kwa International Harvester mwaka 1954, na kwa karibu miaka 30 kikatoa matrekta. Jowett haikufilisika, ilifunga hesabu zake na kulipa madeni yake. Idara ya spea ilihamishiwa karibu na Batley na kuendelea kuwahudumia wenye magari hadi 1963.

Leo Javelin lililo hai hukaguliwa kwa mpangilio ule ule wa magonjwa yake. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta kisha uiwashe: maji yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, slivu zimeshuka. Nenda nalo kwenye mteremko, ingiza gia ya tatu, kanyaga, achia, kanyaga tena; mkono wa gia ukitetemeka au ukirudi, viungo vya mkono wa gia vipimwe kwanza, maana ni rahisi na mara nyingine kosa liko hapo, na vikiwa sawa giaboksi ifunguliwe kabla ya jambo lolote jingine. Ukisikia ngurumo nzito kutoka chini wakati injini inavuta, usisubiri. Fungua bloku, osha krenki, na utazame mabega yake. Yakiwa ya pembe, hiyo ni krenki ya zamani na kila kona ipimwe nyufa kabla ya kurudishwa. Yakiwa ya duaradufu, umepata ile iliyofika kiwanda kikiwa ukingoni mwa kufungwa, na wengi waliowahi kuwa nayo waliinunua kaunta kama spea.